Kidole Changu na Taa ya Minasawa

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mkutano wa mtaa, ukumbi wa hekalu. Tumekalia miguu saa nzima. Mtu wa miaka hamsini na sita mwenye tumbo kama langu hafai adhabu hiyo! Kuinuka nikashika nguzo, nguzo ikalia. Wakacheka. Nami nikacheka, ndiyo kazi yangu ya pili hapa mjini.

Mada: ile ajali ya treni. Tarehe 17 mwezi ujao ni kumbukumbu ya thelathini na tatu. Karani mpya wa manispaa, mtu wa kuja, alihesabu kwa vidole akasema bado mwaka mmoja. Mtawa mkuu akamweleza taratibu kwamba mwaka wa kufa nao huhesabiwa. Na kwamba baada ya thelathini na tatu marehemu haombolezwi tena kwa jina lake. Anaingia kundi la mababu, basi.

Kwa hiyo swali. Tuifunge kimya kimya hekaluni? Au tuifanye hadharani, pale pale stesheni, waandishi wa habari waitwe, na iwe hivyo kila mwaka? Mwenye hoteli ya maji moto akasema wageni huja Minasawa kuona majani mekundu, si makaburi. Bi Orihara Kanae, mwalimu, ambaye baba yake alifia behewa la kwanza, akamjibu kwamba wageni hao huja kwa treni.

Kisha wakanigeukia mimi. Kati ya waliokuwepo siku ile, ni mimi tu niliye bado kazini stesheni. Nikasema wafu wamechoka, tuwaache wapumzike. Vichwa vikainama kwa heshima. Mnyenyekevu kweli, Mkuu wetu wa Stesheni!

Kwamba kuna aliyechoka, hilo ni kweli. Sikusema ni nani.


Alhamisi, 10 Oktoba

Niandike, maana daftari halina masikio.

Kazini kwetu hatutazami tu. Tunanyoosha kidole na kutamka kwa sauti. "Kuondoka — kijani!" "Milango — imefungwa!" Jicho, kidole, kinywa. Vitatu vikikubaliana, makosa hupungua. Ni utaratibu mzuri, nimewafundisha wengi. Lakini fanya mara elfu kumi, uone. Kidole na kinywa hujifunza kwenda vyenyewe, jicho likabaki nyuma.

17 Novemba 1992. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Treni ya saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi. Kutoka hapa hadi darajani njia ni moja tu, na treni nyingine ilikuwa bado inashuka. Ilitupasa tungoje. Lakini tulikuwa tumechelewa dakika mbili, nami nilikuwa natazama saa ya mkononi. Kidole kikanyooka. Kinywa kikasema, "Kuondoka — kijani!" Dereva Shinozaki akanitikisia kichwa, akaondoa treni.

Behewa la mwisho liliponipita ndipo nikaitazama taa. Nyekundu.

Dereva naye alipaswa kuitazama kwa macho yake. Hilo nimelimeza kila asubuhi kama dawa. Halijanitibu.

Treni mbili zikagongana. Watu kumi na mmoja wakafa. Bosi wangu wa wakati ule, Mzee Kuramochi, akaniandikia taarifa: mfanyakazi alinyoosha kidole, akatamka "nyekundu", dereva akapita. Akanisogezea kidau cha wino. Hakunitazama. Nikapiga muhuri wangu wa jina, ndiyo saini yetu.

Mzee Kuramochi alishakufa. Kwenye jiwe la kumbukumbu kuna majina kumi. La dereva halimo.


Jumatano, 16 Oktoba

Bi Kanae kaja stesheni baada ya vipindi vyake. Hakupanda treni, alinipanda mimi kichwani. Aliuliza kama naogopa wafu au naogopa maikrofoni. Nikasema naogopa vyote viwili, na cha tatu mke wangu. Hakucheka.

Akanisimulia. Juzi alimwuliza dereva wetu mmoja, kijana wa miaka ishirini na mitatu, jiwe lile kando ya reli ni la nini. Yule akajibu kwa adabu zote: ni la kuwaombea farasi waliokufa zamani wakivuta magogo.

Hapo nilicheka mimi. Kisha nikaacha.

Hoja yake ni hiyo. Wazee tunakufa, na anayeendesha treni leo anadhani baba wa Bi Kanae alikuwa farasi. Anataka tusimame jukwaani saa ile ile, majina yasomwe, madereva wote wahudhurie. Msomaji niwe mimi. Na kabla ya kusoma, ninyooshe kidole kwenye taa na kutamka, kama siku ile.

Nikauliza kwa nini mimi.

"Kwa sababu asubuhi ile ni wewe peke yako uliyefanya kazi yako sawasawa."

Alisema kwa upole. Nilijifanya kutafuta kofia yangu. Ilikuwa kichwani.


Ijumaa, 25 Oktoba

Kura zimepigwa. Hadharani, kwa kura moja ya ziada. Mimi nilikuwa zamu, sikupiga. Au niseme nilijipangia zamu.


Jumamosi, 2 Novemba

Mama Shinozaki Tomie, mjane wa dereva. Ana miaka sabini na minane, mgongo umepinda kama upinde. Kaniletea figili za chumvi, kama kila mwaka. Kila mwaka nazila, kila mwaka namsifu.

Safari hii hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, mikono magotini, akasema alichokuja kusema. Miaka yote hii, kila tarehe 17, ameingia hekaluni kwa mlango wa nyuma, ameinamia familia moja baada ya nyingine, akatoka kwa mlango ule ule. Hajalalamika hata mara moja. Alikuwa anahesabu tu. Thelathini, thelathini na moja. Sasa amefika, na watu wanataka kuanza upya kwa kipaza sauti.

"Wenzangu walipoteza mtu. Mimi nilipoteza mtu na jina lake. Wewe ni mtu mwema, Mkuu, wanakusikiliza. Waambie waache. Mwaka huu uishe, awe babu kama mababu wengine. Asiwe tena dereva."

Nilimwambia nitajaribu. Akainama hadi paji la uso likakaribia magoti. Kuniinamia mimi!

Hili ndilo linalonitafuna. Nikinyamaza, yeye anapata anachokitaka, nami napata ninachokitaka. Tungeweza kuuficha ukweli huu pamoja, mimi na yeye, ila yeye hajui anaficha nini.


Jumapili, 3 Novemba

Kidole kinaniasi. Nimeinyooshea sufuria ya wali. Nimeunyooshea mlango wa choo, nikautamka. Mke wangu Chizuko alinitazama, akaendelea kukunja nguo.

Jioni nilipita kwenye jiwe. Mtu ameweka karoti chini yake. Kwa farasi, nadhani.


Jumatatu, 11 Novemba

Nimemwambia Chizuko. Wakati wa staftahi, supu mezani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu wiki iliyopita, yakatoka yote kwa mpigo kama watu wanaoshuka treni iliyojaa. Taa, saa, muhuri.

Yeye alikuwa anamenya figili. Aliimenya yote, ganda moja refu bila kukatika, ndipo akasema:

"Baba, nilijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Unaongea usingizini. Unasema kijani."

Miaka ishirini na saba! Nikamwuliza mbona hakuniambia. Alisema alikuwa anangoja niseme nikiwa macho.

Nikamweleza kwamba Mama Shinozaki mwenyewe hataki, kaniomba kwa mdomo wake tunyamaze. Chizuko akaweka kisu chini.

"Hataki kwa sababu anadhani ni kosa la mumewe. Huyo mama hajalala chumba kimoja na wewe."

Supu ilipoa. Niliinywa hivyo hivyo.


Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda kwa Bi Kanae nikamwambie. Nimerudi sijamwambia. Tumezungumzia viti. Ishirini au thelathini? Tumekubaliana ishirini na tano. Ushujaa wangu ndio huo.


Jumapili, 17 Novemba 2024. Ofisini, saa moja na dakika kumi na tano

Baridi. Ukungu umelala darajani, mto hauonekani. Viti ishirini na vitano vyote vimejaa, wengine wamesimama. Madereva tisa, kofia mikononi. Waandishi wawili. Mwenye hoteli naye kaja, kavaa tai nyeusi. Mtawa anapasha mikono yake kwa pumzi.

Karatasi ya majina iko hapa mezani. Kumi, mwandiko mzuri wa Bi Kanae. Asubuhi nimeongeza la kumi na moja juu kabisa, kwa mwandiko wangu mbaya. Shinozaki Tatsuo, dereva. Chini ya karatasi nimeandika mstari mmoja zaidi, unaonihusu mimi. Nimeukata. Nimeuandika tena.


Saa moja na dakika ishirini na nane

Mama Shinozaki yuko dirishani kwangu. Hakuingia jukwaani. Kavaa kimono cheusi cha msiba, amekuja kwa miguu kutoka kilimani. Hakunilaumu. Alitaka kujua jambo moja tu, kama mumewe atatajwa, ili ajue asimame wapi.

Nikampitishia karatasi chini ya kioo. Niliona kidole chake kikishuka, kikapanda tena hadi juu. Kikabaki pale.

Aliniomba nilifute jina. Alisema watamtukana upya, na safari hii mbele ya magazeti. Alisema nina huruma lakini huruma yangu inaumiza.

Nikasema, "Mama, kosa halikuwa lake peke yake."

Limetoka. Sikulipanga. Akauliza kosa ni la nani.

Mstari wa chini hakuusoma, nimeuandika kwa herufi ndogo na miwani yake iko nyumbani. Anashika kingo za dirisha kwa mikono miwili. Mimi nimeinamisha kichwa naandika hapa, naye anadhani ni kazi ya stesheni, kwa hiyo anangoja kwa adabu nimalize. Amengoja miaka thelathini na miwili, dakika hizi si kitu kwake.

Dakika ya thelathini na tatu. Bi Kanae anakuja huku na maikrofoni mkononi, ananionyesha saa.

Mama Shinozaki hageuki. Ameuliza tena, kwa sauti ndogo zaidi: "La nani, Mkuu?"

Naweka kalamu. Nimeshafungua kioo —