Herufi Iliyopungua

4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na baba, bado anakataa kupimwa macho? Mimi mzima kabisa, ila siku hizi hata ndotoni najibu maswali ya kuchagua.

Mtihani wa leseni ni tarehe kumi na nane. Nitafaulu, si majivuno, nimesoma. Hospitali ya hapa mtaani imeniahidi nafasi kuanzia tarehe mosi Mei, mradi leseni iwe mkononi. Tatizo ni Sista Mkuu wa hapo. Jana aliniita ofisini.

"Wauguzi wangu wawili wako likizo ya uzazi," akasema. "Mtihani ukiisha tu, vaa sare uanze. Sindano haiulizi leseni."

Wewe umekuwa mkunga miaka thelathini na moja. Nimjibu nini?

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo na mimi nipo, tumeshazoeana. Baba yako anasema haoni sababu ya kupimwa macho. Nimemwambia hiyo ndiyo sababu.

Usiguse sindano. Ni kweli haiulizi, lakini mgonjwa akizidiwa, watauliza watu, na wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe usiye na karatasi. Siku hiyo Sista Mkuu atakuwa amesahau hata jina lako. Mkatalie kwa adabu, bila maelezo mengi, kisha rudi kwenye vitabu.

Kazi yetu ni mikono na karatasi. Miaka yote hiyo sijawahi kukosea karatasi hata moja.

Shangazi yako

2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Habari za nyumbani? Nimefaulu! Nimeruka humu chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Sista Mkuu nilimkatalia kwa adabu, kama ulivyosema. Akanitazama juu mpaka chini. "Wako kumi wanaililia nafasi hiyo."

"Najua, Sista. Naomba niwe wa kwanza kati yao mwenye leseni."

Sasa sikia balaa. Baraza la wauguzi limenirudishia faili. Cheti changu cha kuzaliwa kina herufi moja pungufu: ile "h" katikati ya jina langu haimo, na vyeti vyote vya shule vinayo. Karani wa dirishani hakucheka hata kidogo. "Kwetu hawa ni watu wawili," akasema, "na aliyefaulu si huyu aliyezaliwa."

Wanataka hati ya kiapo ya mtu aliyekuwepo nilipozaliwa. Mama, Mungu amrehemu, hayupo. Umebaki wewe uliyenipokea. Unamkumbuka aliyeandika ile karatasi ya wodini iliyotumika kutoa cheti changu? Nisipopata leseni mwezi huu, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Binti yako

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Najua umesubiri jibu mpaka macho yamekutoka. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Karatasi ile niliiandika mimi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimezalisha watatu, wewe wa nne, na furaha ya kumshika mtoto wa kaka yangu ikanipeleka mbio. Kalamu ikaruka herufi. Miaka yote nimejisifu mbele yako, kumbe kosa langu limekua, limesomea uuguzi.

Juzi nilikwenda kwa wakili. Akaniuliza, "Mama, una hakika? Tunaweza kuandika ni kosa la ofisi."

Nikamwambia, "Ofisi nilikuwa mimi."

Nikaapa, nikatia sahihi. Baba yako amecheka mpaka akakaa chini. Mwache, leo ni zamu yake.

Hati imo ndani ya bahasha hii. Nisamehe, mwanangu.

Shangazi yako

3 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nikusamehe nini, wewe uliyenipokea duniani? Yule karani aliisoma hati yako mara mbili. Akasema hajawahi kuona mtu mzima akiandika "nilikosea" bila kumtaja mwenzake.

Leseni ilitoka tarehe ishirini na tisa. Sista Mkuu aliigeuza mbele na nyuma. "Anayeweza kunikatalia mimi," akasema, "ataweza kumkatalia na daktari aliyekosea dozi. Wodi ya wanaume, saa moja asubuhi. Usichelewe."

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja, fundi seremala, mguu umefungwa plasta. Aliniona navuta dawa kwenye bomba la sindano, kisha naisoma chupa mara ya pili.

"Umeanza kazi lini, binti?"

Uongo ulinijia mpaka mdomoni, nikaumeza. "Leo, mzee. Saa moja asubuhi."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Akapandisha mkono wa shati mpaka begani.

"Basi una uzoefu wa dakika hamsini," akasema. "Choma."

Nikachoma, Shangazi. Kisha nikajaza karatasi yake, herufi kwa herufi.

Binti yako, muuguzi