Meno Kwenye Gitaa

Jumanne, 4 Machi

Miguu imevimba tena. Mashuka ya hoteli hayaishi – ukimaliza kupiga pasi lundo moja, wanakushushia jingine, bado lina maji. Mvuke umeniingia mpaka kwenye mifupa.

Nimerudi nikamkuta Mzee wangu anachambua maharage mezani, redio inaunguruma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Nikaizima. Hakugeuka! Aliendelea kutikisa mguu, anafuata wimbo ambao haupo tena.

Nimeiwasha. Sina nguvu za kugombana.

Jumatano, 5 Machi

Mrefu amekuja, mkono umefungwa bandeji. Huyu ndiye anayepokea mbao upande wa pili wa msumeno. Mzee ndiye anayesukuma gogo. Pale kiwandani ndivyo wanavyofanya kazi miaka yote: msumari ukiwa umezama ndani ya gogo, huuoni, ila msumeno ukianza kuugusa sauti inabadilika, na Mzee huzima mashine papo hapo. Hawana kipimo kingine. Kipimo ni sikio la mume wangu.

Sasa Ijumaa iliyopita gogo lilikuwa na msumari. Mrefu anasema msumeno ulipiga ukelele mpaka wapakiaji wakakimbia huko nje. Mzee akaendelea kusukuma. Chuma kikakatika, kikaruka, kikampasua mkono.

"Shemeji, kingepanda kidogo tu, mngekuwa mmeshanizika."

Hajamwambia msimamizi. Ila kusimama tena mbele ya ule msumeno anaogopa. Mimi Mzee aliniambia nini ile Ijumaa? Eti msumeno umechakaa. Umechakaa msumeno!

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkabili. Tena nimepiga kelele, majirani wote wamesikia isipokuwa yeye aliyekusudiwa. Nimesema kuna daktari wa masikio pale hospitali, Jumatano asubuhi, nimeshaomba nafasi.

Amesema haumwi. Baadaye, kama anayeongea na kijiko: akienda watampima, wakishampima kiwandani watampa ufagio. Fundi wa msumeno afagie unga wa mbao mbele ya vijana aliowafundisha! Bora wamfukuze.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema. Asiyesikia msumeno je? Atavunjika yeye, au atamuua Mrefu. Naogopa kulala, naogopa na kuamka.

Binti amepiga simu. Baba yake, kama kawaida: "Ongea na mama yako." Siku hizi simu haishiki. Mtoto anadhani baba amemkasirikia. Kumbe ametununulia tiketi za kumwona, Jumapili, yule mpiga gitaa la bluzi tuliyekuwa tunamsikiliza kwenye kaseti tulipooana. Mzee Nyuzi! Nilidhani alishakufa. Binti anasema huenda ndiyo mara yake ya mwisho jukwaani.

Nikalia jikoni. Unampeleka kiziwi kwenye muziki.

Jumamosi, 8 Machi

Nimenyoosha shati lake la kesho. Hata nyumbani pasi. Anapiga mluzi tangu asubuhi, nje ya wimbo kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Tumekwenda. Saa tisa mchana, maana Mzee Nyuzi jioni hawezi tena, anachoka. Ukumbi wa viti vya plastiki, watu wa rika letu, kila mmoja na dawa zake mkobani.

Akaingia ameshikwa mkono na mpiga besi. Mdogo! Kwenye kava la kaseti alikuwa jitu zima. Suti imemzidi mabega. Akakaa, akachukua gitaa, halafu akafanya kitu: akainama, akauma bega la gitaa kwa meno ya mbele, akawa anakaza nyuzi mojamoja huku amefumba macho. Watu wakacheka. Walidhani ni mbwembwe.

Akasubiri wamalize. Akasema masikio yake yalishamuaga. Daktari amemwekea kifaa – akageuza kichwa tukione – kinamsaidia kumsikia mkewe, "heri kisingefanya kazi." Vicheko. Lakini gitaa, akasema, analisikia kwa meno. Sauti inapita kwenye mbao, inaingia kwenye mfupa. "Yamebaki machache. Nayo yakiniaga, nitawaaga na nyinyi."

Mzee wangu akanivuta mkono. "Amesema nini?"

Sikumbuki mara ya mwisho aliponiuliza hivyo. Siku zote hucheka wanapocheka wengine, basi. Nikamwambia sikioni, kwa sauti kubwa, watu wakageuka na wageuke! Nikamwambia yote mawili, ya daktari na ya meno. Niliposema daktari aliangalia mbele. Niliposema meno akanigeukia.

Mzee Nyuzi akapiga. Vidole vimekuwa vizito, kuna mahali alikosea akarudia kama mtu anayetafuta funguo gizani. Sauti imekwaruzika. Lakini ule wimbo wetu, ule wa polepole, alipoufikia nilihisi uchovu wangu wote unatajwa kwa jina, miguu, mashuka, huyu mwanaume. Sikujua kama nataka kulia au kulala. Mzee wangu hakutikisa mguu hata kidogo. Alikuwa anaangalia taya la yule babu.

Jumatatu, 10 Machi

Ametoka kazini na kipande cha mti mgumu mfukoni. Amekaa uani anakichonga. Hajaniambia cha nini. Nimelala na viatu.

Jumanne, 11 Machi

Sasa najua. Kijiti urefu wa mwiko, amekipiga msasa mpaka kimeng'aa. Ncha moja anauma, nyingine anaigusisha kwenye kitu. Jana alijaribu kwenye redio, leo kwenye meza ya msumeno. Amenieleza akiwa amesimama, macho yanawaka, sijamwona hivi miaka: "Mke wangu, naisikia mashine! Msumari hautanipita tena!"

Nikauliza kama mashine ilikuwa inazunguka. Ilikuwa inazunguka. Na yeye ameinama, uso karibu na meno ya msumeno, kijiti mdomoni! Mungu wangu. Mrefu alikataa kusimama, akaenda kukaa kwenye magogo. Msimamizi ameanza kuuliza kuna nini.

Babu wa watu alitaja daktari na meno. Huyu wangu amebeba meno tu.

Nimepika, tumekula. Kesho ndiyo Jumatano. Nimetoa shati lake nikalitundika mlangoni, alione mwenyewe. Ameliona. Nikakaa mezani kuandika.

Amekuja amekaa mbele yangu. Ameweka ncha ya kijiti mezani, karibu na daftari, ameuma ile nyingine. Nikagonga meza kwa kidole, akaitikia kwa kichwa. Nikaweka kidevu mezani kama mtoto, nikaimba ule wimbo wetu, mwanzo tu, sauti yangu mbovu. Macho yake yakajaa. Hapo hapo, kidevu bado mezani, nikasema polepole: kesho twende, nakuomba, sitaki kuletewa maiti, yako wala ya Mrefu.

Ametoa kijiti. Amekifuta kwa shati. Amekirudisha mdomoni.

"Rudia."

Nimerudia. Neno kwa neno. Hajaondoka – hajaondoa kijiti. Sijui nifanye nini, kwa hiyo naandika, na yeye ameinama palepale, amefumba macho kama yule babu jukwaani. Sasa hivi amesema, meno yamebana mti, kwamba anaisikia kalamu.

Anauliza naandika nini siku zote hizi.