Neno Lenye K na F

6 Machi

Mdogo wangu Breki,

Bwana asifiwe. Hujambo? Wanafunzi wako wa udereva hawajambo, na kuta za mji bado zimesimama? Mimi sijambo, na usikunje uso hivyo, sijambo kweli. Natembea mpaka chooni na kurudi bila kushikwa na mtu.

Mwandiko huu wa kuku ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia bado umelala tangu kile kiharusi. Usiniambie nipige simu. Ulimi umelegea upande mmoja, mdomo unavuja, na sitaki sauti hii ndiyo uikumbuke. Akili iko sawasawa, kwa hiyo usije ukaanza kuniandikia kwa herufi kubwa kama mtoto.

Nina mawili. La kwanza ni ile kalenda ya ukutani niliyokutumia mwaka mpya, ya kuchana karatasi moja kila siku yenye mstari wa Biblia. Najua hujaichana. Anza kesho. Tusome mstari mmoja, wewe huko, mimi huku, kisha uniandikie siku hiyo umeuona wapi utukufu wa Mungu. Usinitafutie mawinguni. Nataka wa humo garini kwako.

La pili, nimemwandikia mchungaji anirudishie usomaji. Kanisa halikuniita Kipaza kwa utani tu. Amenipa Jumapili ya kwanza ya Julai, Zaburi ya kumi na tisa, mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu. Taabu ni neno moja. Binti wa hospitali anayenifundisha kutamka anasema K inataka nyuma ya ulimi, na F inataka mdomo wa chini uguse meno, na hizo ndizo mbili zilizonikimbia. Sasa lisome neno lenyewe, utukufu, polepole. Zote mbili zimo, tena zimefuatana. Julai nitalisema. Nimeamua.

Dada yako

15 Machi

Dada yangu Kipaza,

Shikamoo. Habari ya mkono, habari ya ulimi, habari ya shemeji? Huku tu wazima, ila gari limechubuka. Mwanafunzi wangu muuza nyama kaweka gia ya kurudi nyuma akidhani ni ya kwanza, tukaisalimia nguzo ya taa. Nashukuru gari letu lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwangu, maana bila ya kwangu tungeisalimia na duka.

Kalenda nimeichana. Niliikuta bado ina Januari. Sasa nasoma kila asubuhi, lakini nikuambie ukweli, nasoma nimenuna. Umesoma neno la Mungu mbele za watu tangu mimi niko darasa la tatu. Wasengenyaji wanaamka na ndimi zao nzima, wa kwako ndio ukachukuliwa. Utukufu gani huo? Nimekasirika, dada, siwezi kukuandikia vingine.

Halafu nina wazo. Biblia ni kubwa, tafuta fungu lisilo na K wala F. Nimehangaika nalo jioni nzima. Nikasema basi ule mstari mfupi, Yesu akalia machozi. Kumbe na "akalia" ina K! Hata "kumbe" ina K. Kiswahili hakisogei hatua bila hiyo herufi, sijui waliotangulia walikuwa wanawaza nini. Lakini naendelea kutafuta.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mkono umeanza kuchomachoma, na wanasema hiyo ni dalili njema. Barua yako imenichekesha mpaka shemeji yako akaja mbio akidhani kiharusi kimerudi. Huyo naye! Juzi nilimwomba kikombe. Mdomoni mwangu kikatoka "iombe". Mzee wa watu akavua kofia, akafumba macho, akaanza kuomba. Aliombea ndugu, akaombea wagonjwa, akaombea serikali. Alipofika amina chai ilikuwa ya baridi, na kikombe sikupata.

Hasira yako iandike, usiifiche. Zimo Zaburi zenye maneno makali kuliko yako na hakuna aliyezifuta. Ila usiache kuchana kalenda.

Fungu sibadilishi. Mchungaji naye amenishauri nisome jingine, fupi. Nimekataa. Mimi ni fundi cherehani, na sijawahi kumpunguza mteja ili gauni limwenee.

Unaukumbuka mstari wa juzi, kwamba tulapo na tunywapo na lolote tutendalo, tulitende kwa utukufu wa Mungu? Siku hiyo niliitoa shuka iliyofunika cherehani tangu Desemba. Kuendesha sikuweza. Nikachukua sindano kwa mkono wa kushoto nikashona kifungo kimoja cha shati la shemeji yako. Nilijichoma mpaka nikalitia shati damu, na kifungo chenyewe kimekaa upande. Amelivaa kwenda kazini hivyohivyo, kifua mbele. Nilimwangalia akitoka mlangoni na kifungo chake nikasema moyoni, Bwana, leo nimekuona.

Kila alfajiri nasimama mbele ya kioo. Ku, fu. Ku, fu. Mate yanatoka, nafuta, narudia.

Dada yako

26 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umeamkaje? Mkono unachoma bado? Mimi mzima.

Nina habari ya garini. Nina mwanafunzi mjane, mama wa makamo, mumewe kamwachia gari la mizigo na mlima mmoja mkali kati ya nyumba na soko. Tangu aanze tunakwama palepale mlimani. Gari linazimika, anafumba macho, tunashuka kinyumenyume, nyuma yetu honi. Juzi kalenda ilisema Mungu hakutupa roho ya woga. Nikamsomea kabla hajawasha. Alipofika pale gari likaanza kukohoa, na mguu wangu ukawa juu ya breki tayari. Sijui nini kilinizuia, niliuacha hewani. Akaachia klachi taratibu, akapanda. Juu kabisa akaegesha, akashuka, akapiga vigelegele peke yake barabarani. Basi nipe alama yangu, maana utukufu huo nimeuona bila kulazimishwa.

Lakini kuna jingine linaniuma. Jana shemeji alinipigia simu, na nyuma yake nikasikia mtu anatoa sauti nzito, anarudia rudia. Nikamuuliza, huyo nani? Akaanza kuniuliza habari za gari. Ndipo nikajua ni wewe. Dada, sauti ile sikuitambua, nayo ndiyo iliyonilea. Nimelia mpaka nimechelewa kazini. Kanisani kuna watoto, na watoto hucheka. Kuna na wakubwa, nao hucheka kwa adabu, jambo ambalo ni baya zaidi. Fikiri tena, nakusihi.

Mdogo wako

17 Mei

Sikusalimii.

Mchungaji alikuja jana. Alizungusha kikombe mezani mpaka nikahisi kizunguzungu, kisha akasema, "Mama, tumeona upumzike kwanza. Mwalimu wa hesabu atasoma Julai." Nikamwandikia kwenye karatasi, mmeona wewe na nani? Si mtu wa kusema uongo. Akasema, "Mdogo wako alipiga simu, amelia, amesema tukikupandisha pale tutakuua kwa aibu."

Umekanyaga breki yako kwenye gari langu. Hiyo breki ni ya wanafunzi. Mimi barabara hii naijua kuliko wewe. Aibu nimeshaiwaza, kicheko nimeshakiwaza, nikakubali vyote, kisha wewe ukaenda kunisemea nyuma ya mgongo kana kwamba nimeshakufa. Hata kiharusi hakikunifanyia hivyo. Kilinijia mbele.

Rudi uichukue nafasi yangu pale ulipoiacha, unirudishie. Kabla ya hapo sitaki neno lako.

Dada yako, bado

24 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Nafasi nimeirudisha. Barua yako ilifika asubuhi, na kabla sijafungua gari nilikuwa nimeshampigia mchungaji. Akasema mwalimu wa hesabu ameshajiandaa, ni vigumu. Nikamwambia basi nitampigia kila siku saa ya chakula mpaka iwe rahisi. Siku ya tatu alipokea simu mdomo umejaa, akasema, "Dada yako atasoma, niache nimeze." Mwalimu wa hesabu mwenyewe, kumbe, amefurahi. Anasema maneno marefu yanamtoa jasho.

Nilijidai nakulinda. Aliyeogopa kuisikia sauti ile ni mimi. Nisamehe.

Nije Julai? Nitakaa nyuma, sitasogea.

Mdogo wako

15 Juni

Dada,

Shikamoo. Kimya chako kinanila. Shemeji anasema unakula na unalala, na kwamba ukisikia jina langu unaongeza sauti ya "ku, fu". Nashukuru kwa hilo.

Kalenda naichana. Wiki hii mstari ulikuwa Bwana ni nuru yangu, na taa za mbele za gari zikakataa kuwaka mbele ya mkaguzi. Nilicheka nikakosa wa kumwandikia, basi nakuandikia wewe. Yule mjane amepata leseni. Sasa nasoma Zaburi yako kila asubuhi kwa sauti, nikiwa peke yangu garini, na ile hasira haijaisha yote lakini imeacha kuniendesha.

Hukuniambia nije. Sitakuja bila kuitwa.

Mdogo wako

7 Julai

Mdogo wangu Breki,

Marahaba, na marahaba nyingine, zote nilizokunyima. Bwana asifiwe. Mimi sijambo.

Mwanzoni nilinyamaza kwa hasira, sikufichi. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilitaka nikuandikie jambo lililokwisha, si ninaloliwazia. Na sikukuita kwa kuwa ningekuona huko nyuma, mguu tayari. Nilitamani uwepo, hata hivyo. Nimekusamehe siku nyingi.

Sasa sikia. Shemeji yako alinisindikiza hadi ngazi ya kwanza, akaniachia kama nilivyomwagiza. Nikapanda. Nikaweka Biblia, nikaishika kwa kushoto. Mbingu ikatoka. Zauhubiri ikatoka, nzima, nzuri. Kisha neno lile. Nikasema "utu", na ulimi ukaishia hapo. Ku haikuja. Fu haikuja. Nikavuta pumzi, nikarudia. "Utu." Mzee wa kanisa aliyekaa mbele ananitamkia kwa midomo, ananisaidia kama anayemlisha mtoto uji. Nikarudia mara ya tatu. "Utu." Mtoto akacheka, kama ulivyosema, na mama yake akamziba mdomo. Mwalimu wa hesabu akainuka nusu. Nilimtazama kama ninavyomtazama mteja anayeshika kitambaa bila kuuliza, akakaa.

Asubuhi zote zile, mdogo wangu, na neno halikuja. Nilisikia uchungu pale, mbele ya watu wote, sitakudanganya. Lakini sikushuka, na neno sikuliruka. Nikasema utu wa Mungu, nikaendelea na anga. Kazi ikawa azi, mikono ikawa miono. Nilisoma Zaburi yote mpaka nukta ya mwisho, na hakuna aliyetikisika.

Nje, yule mzee anayefagia kanisa akanifuata mbio. "Mama, Biblia yako ni tafsiri gani? Yangu haina hapo pa utu wa Mungu, na mimi nimepapenda." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwonyesha mdomo wangu. Alifikiri, akatikisa kichwa, akasema basi hiyo haipatikani dukani, akarudi kwenye ufagio wake. Nyumbani nililia. Nililia kwa uchungu wa lile neno, kisha nikajikuta nalia kwa furaha, sijui nilivuka wapi.

Nimeomba tena Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, Isaya sura ya sita. Mchungaji akasema, "Mama, neno lile limo tena humo." Nikamwandikia, ndiyo maana nimelichagua. Safari hii njoo, kaa mbele kabisa, nikuone. Kioo na mimi tunaendelea kila alfajiri. Herufi zangu zikirudi kabla ya siku hiyo, nitasoma kwamba dunia yote imejaa utukufu wake. Zisiporudi, nitasimama palepale niwaambie dunia yote imejaa utu wake, na nitakuwa sijasema uongo.

Dada yako