Tata, Nimegusa Mbele

Tata wangu, baba uliyeniachia ufunguo wa gari bila maelezo,

Ningekuwa na namba ya huko uliko, ningekupigia Jumanne ileile, nikiwa bado nimekalia udongo wa garaji kule Musonoi. Mawee, Tata! Ulikuwa unatupakiza ndani ya nini?

Unakumbuka sharti lako. Kwenye ile kamyoneti yako, pikapu ya kizamani, uliniruhusu kila kitu: kubadilisha mafuta, kufungua magurudumu ya nyuma, hata kupaka mlango rangi niliyoitaka mimi. Ila mbele. "Mbele usiguse, mwana. Ya mbele ni yangu." Nikadhani ni ubishi wa mzee na gari lake. Ililalia kushoto, upande wako wa usukani, tangu niko sekondari, na watoto wa mtaa wakakuita Tata Kainama. Ulicheka tu, ukaendesha polepole, na kila Jumamosi ukakisugua kile kiti kirefu cha plastiki kwa glisirini mpaka kikang'aa. Jumapili tukienda misa tuliteleza humo kama samaki kwenye beseni.

Tulipokuzika, nililishika sharti lako mwaka mzima. Lakini siku hizi ninabeba akina mama wa soko na magunia yao ya unga mpaka Fungurume, na barabara unaijua, malori ya shaba yameichimba kuliko wachimbaji wenyewe. Kila shimo gurudumu la kushoto likawa linasugua bodi. Nikasema basi, nitaitia miguu mipya: resori nene zaidi, zile springi za mabapa ya chuma, amortisere ndefu za kupunguza mtikisiko, na mipira yote ibadilishwe. Isimame wima kama gari la vijana.

Fundi wangu anaitwa Kaseba, mtu anayeongea kuliko redio. Akainua mbele, akaosha ule udongo mwekundu, halafu akanyamaza. Nilipoona Kaseba amenyamaza nikajua kuna jambo.

"Dada, kuya uone. Ni nani alifunga hii kintu?"

Resori ya kushoto ilikuwa imekatika. Si bapa moja la chuma, ni matatu! Yamebanwa kwa kipande cha ule mkanda mnene wa mpira unaobeba mawe mgodini, na kabari ya mti mgumu, na waya. Waya umezungushwa mara mbili, ncha imekunjwa ndani, vilevile ulivyofunga magunia ya makaa ili yasichane mikono ya watu. Mkono wako, Tata. Ningeutambua popote.

"Hii ingeachia muko mbio, mungekufa bote," Kaseba akasema. Akarudia mara tatu. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa na akina mama kumi na mmoja nyuma, wanaimba, tunateremka. Kumi na mmoja! Nikakaa chini palepale.

Nilifika nyumbani na hasira ya kukufufua. Nikamwaga yote mbele ya Mama, nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mama akaniambia niiname chini ya kitanda chenu. Nikavuta mzigo mzito uliofungwa kwa ovaroli yako ya kazi, nikaufungua, na hapo nilipigwa na butwaa mara ya pili. Resori mbili, mpya kabisa, zimepakwa grisi. Nene, Tata. Nene kuliko zile nilizotaka kununua!

"Kwa nini hakuzitia?" nikauliza.

Mama akatazama ukuta. "Ni ile mwaka mama yangu alikufa, tata yako akakataa kuya ku kilio. Alisema kazi. Mi sikumusemesha miezi mitatu. Mu motokari nilikuwa naikala kule ku mulango. Jumapili moja tukaingia mu shimo, paa! Kiti kikalala, nikateleza mpaka ku bega yake. Nikarudi ku mulango. Nikateleza tena. Akaanza kucheka, na mi nikacheka. Nikamuambia: achia vile."

"Mama, ilikatika!"

"Alisema imechoka tu." Akaweka mkono mdomoni. "Yooo! Na mi nilipandishamo batoto bangu."

Kwa hiyo ile glisirini, Tata! Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Uliweka roho zetu juu ya mpira na waya ili mke wako akuangukie begani, kisha ukafa bila kuniambia. Ungeenda tu kwenye kile kilio! Ungemwomba msamaha kwa mdomo, kama watu wengine! Bado nimekukasirikia, nisikufiche. Kila nikiona akina mama wale wanapanda, ninainama kwanza kuchungulia chini ya gari.

Nilimuuliza Mama kama nizitie. Akafuta macho kwa kitenge. "Tia. Tia leo."

Kaseba amezitia, pamoja na amortisere nilizonunua mimi. Kamyoneti imesimama wima, imeinuka, hata usukani umekuwa mwepesi. Mtaani hawaitambui.

Jumapili nilimpeleka Mama misa. Akapanda, akakaa kwenye nafasi yake ya mlangoni, mkoba mapajani. Tukaingia kwenye shimo la karibu na kanisa, lile lako. Gari likapanda, likashuka, likatulia. Mama hakuteleza hata kidogo. Akakitazama kile kiti katikati yetu, kitupu, hakina hata glisirini. Mimi nikakaza macho barabarani kwa sababu nilijua nimekwisha kuharibu kitu.

Halafu nikasikia plastiki inalia. Mama alikuwa anajisogeza mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka bega lake likagusa langu.

"Endesha polepole," akasema.

Lala, Tata. Mbele nimegusa, na Mama anakusalimia.

Ni mimi binti yako, shofere wa Mama