Vipimo Alivyosoma Baba

Jumatatu, 4 Machi
Programu ya mafundi cherehani imekamilika — kwenye iPhone. Vipimo vyote vya mteja ukurasa mmoja, safi. Nilianza na iPhone kwa sababu ziko za aina chache. Ikikubali kwenye moja, karibu zote zitakubali. Kipara, mwenzangu ofisini, amenisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni fundi gani ninayemjua mwenye iPhone. Ukweli ni kwamba nilianza na iPhone kwa kuwa ndiyo iliyo mfukoni mwangu.

Jumatano, 6 Machi
Fundi mwenye iPhone nimempata: Mama. Nimempa yangu ya zamani, nami nimechukua Android yake nijaribie toleo la pili. Kioo kimepasuka, nafasi imejaa, inapata moto kama pasi. Simu ya fundi hasa.

Vipimo vya wateja wake viko kwenye sauti alizorekodi marehemu Baba, humo humo kwenye Android. Yeye alipima na kusoma, Mama akakata kitambaa huku akisikiliza. Sauti sitini na nne. Nimezisikiliza kwa kasi maradufu, nimalize mapema. Kifua, kiuno, mkono. Namba zote nimeziingiza kwenye programu.

Ijumaa, 8 Machi
Android imegoma, haina nafasi. Nimeifuta yote, ikawa kama imetoka dukani. Sasa inakubali! Ila maandishi yanatoka nje ya skrini, na simu nyingine ina ukubwa mwingine, nayo itataka marekebisho yake. Kipara anasema iPhone unajenga nyumba moja, Android unajenga mtaa mzima. Sawa, lakini watu wako mtaani.

Jumanne, 12 Machi
Nimepita kwa Mama. iPhone haijamkubali. Anabonyeza chini ya skrini, anatafuta kitufe cha kurudi — hakipo. Nimemwonyesha kutelezesha kidole, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa koti lisilo na mifuko. Vipimo lakini amevisifu, hakuna nilichokosea. Kichwa kikavimba.

Nikiwa mlangoni akauliza sauti za baba yako umeziweka wapi. Nikasema ziko ofisini. Uongo, tena umenitoka bila hata kufikiri.

Jumatano, 13 Machi
Sauti nilizofuta pamoja na Android hazirudi. Nimejaribu, Kipara amejaribu. Majuto ni mjukuu — wangu hakungoja hata wiki.

Nilidhani kilichomo ni namba tu. Lakini kila sauti ilikuwa na mkia: namba zikiisha, Baba alimwambia Mama kitu. Mimi hapo nilishabonyeza inayofuata. Mara sitini na nne! Sijui hata neno moja alilosema. Najionea aibu.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeenda kumwambia. Nimekuta anampima mteja, nikakaa kwenye benchi. Mteja alipoondoka, Mama akavuta kiti karibu, akanipa iPhone. Akasema vipimo ameshaelewa, mwanangu, ahsante. Sasa nimwonyeshe pa kubonyeza amsikie baba. Si zile namba. Pale mwishoni.

Nimemwambia ina chaji kidogo, tusubiri dakika ishirini. Nimeichomeka ukutani. Naandika haya hapahapa kwenye benchi lake, yeye amezima cherehani, amevua miwani, mikono mapajani. Anasema kusikiliza hakuhitaji miwani.

Nilipoichomeka, chaji ilikuwa asilimia tisini na sita.