Ndoo ya Somoe

Mandawa, Ruangwa

Mdogo wangu Nyanzobe,

Mwangaluka. Mgongo umepona, au bado unabeba magunia kama punda asiye na mwenyewe? Watoto wanakula? Mimi mzima, meno matatu yamebaki na yananitosha. Mkono huu ni wangu. Shule sikuiona, herufi nilizipata ngumbaru, basi soma polepole na usinicheke.

Neno lako lilinifikia kwa simu. Mnataka kuweka matanga ya mwanangu Masanja, kwa kuwa ni miezi minane tangu aende na ng'ombe kutafuta malisho upande wa Nachingwea, na ng'ombe wakarudi wenyewe huku kwangu, wote, bila yeye. Mnasubiri nikubali. Hilo si la kujibu kwa simu. Kaa chini.

Huku ugenini nimezoea mengi. Mbaazi asubuhi, mbaazi jioni. Maziwa yangu wanayanusa kwanza. Dukani hupewi hata chumvi mpaka umeulizwa habari za watu wako wote, mmoja mmoja. Kilichonishinda ni kisima.

Maji aliniletea Masanja; alipopotea nikaenda mwenyewe, na siku ya kwanza nilikwenda adhuhuri. Nikakuta ndoo karibu ishirini zimejipanga mbele ya pampu, na mtu hakuna. Jua kali, kimya, hata ndege hasikiki. Nikajiuliza, hawa wamekimbia nini? Nikasogeza ndoo ya mbele, ya bluu, nikapampu maji yangu. Ndipo nikawaona wanawake wamesimama kwenye mikorosho, wananitazama. Sijui walifika saa ngapi.

"Mama, umemruka mtu," akasema Zainabu, jirani yangu.

"Mtu gani? Mimi naona ndoo."

"Huku ndoo ndiyo inayopanga foleni. Mwenyewe yuko shambani."

"Haya, huyu wa bluu ni nani, nimwombe radhi?"

"Somoe."

"Yuko wapi?"

"Alikwenda kuni."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Nikacheka, mdogo wangu. Nikacheka peke yangu.

Kumbe kila siku wanaisukuma ile ndoo na foleni, ikifika wanaijaza, na wanapokezana kuipeleka nyumbani kwake. Kaburi hakuna, kwa hiyo nafasi yake haichukuliwi. Baada ya wiki zamu ikanifikia. Zainabu akanielekeza: mimina kwenye mtungi wa barazani, usichungulie ndani. Akanitania, "Ninyi Wasukuma mna macho ya kuhesabu ng'ombe, utachungulia tu."

Nilipofika nikapiga hodi, mdomo una mazoea. Mlango umefungwa kwa kamba, kwa nje. Uwanja umefagiwa. Mtungi ambao mwenzangu aliujaza jana yake ulikuwa mkavu mpaka chini. Nikaupapasa wote, ufa sikuuona. Nikamimina. Nilipoupa mgongo niondoke, kata ya kuchotea maji ikagonga mtungi, mara moja. Unanijua, mimi nimelala porini na fisi. Sikugeuka.

Kesho yake nikachukua ndoo ya Masanja, ile aliyokuwa akikamulia maziwa, nikaiweka mwisho wa foleni. Hakuna aliyeuliza. Wakawa wanaisukuma. Ilipofika pampuni, Zainabu akashika mpini, akanitazama.

"Ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Akapampu mpaka ikajaa.

Sasa chukua jibu langu. Sijui kama Masanja yu hai, uongo sikuandikii. Maji yake nayaweka mlangoni kwangu, na kila asubuhi naogopa kuyatazama. Yakipungua, sijui nitapiga vigelegele au nitakimbia. Lakini matanga hapana. Wazee wasikae. Mkewe asinyoe nywele, na atakayemwita mjane nitakuja kumchapa mwenyewe, nauli ninayo.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie apunguze ubishi. Nisalimie shangazi yetu mkubwa, na jirani yako mfinyanzi aliyenipa chungu nilipoondoka, kimefika kizima. Mnunuzi wa ng'ombe aliyebeba barua hii mpe chakula, amekuja mbali.

Mkwe wangu huyo, mke wa Masanja aliyebaki huko kwako, mshike karibu. Mwambie ale. Akisikia anaitwa jina lake mchana na mtu haonekani, asiitike. Lakini mlango asifunge.

Ni mimi dada yako,
Minza, mama yake Masanja