Doa Jeupe Kichwani mwa Binti Yangu

Shoga, niko hospitali.

Binti yangu kaamka mdomo umekwenda upande, kijiko kinamponyoka. Mama mkwe wake akasema, "Anadeka huyo, hataki kuosha vyombo." Eti anadeka!

Tukamleta hapa, picha ya kwanza ya kichwa ikatoka safi. Mama mkwe akanigeukia: "Si nilisema?"

Daktari hakuridhika. Akamwingiza kwenye mashine ya sumaku, ile inayoonyesha maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Doa jeupe, shoga! Jeupe kama chaki! Daktari akaniambia, "Mama, hapa damu haifiki, ndiyo maana maji yamekwama. Ni kiharusi."

Mama mkwe kanywea kama kuku aliyenyeshewa.

Dawa wameanza, mkono bado hausikii.

Sasa wewe. Jana uliniambia mkono wa mumeo ulikufa ganzi ukapona wenyewe. Huenda ni onyo la kiharusi; mpeleke hospitali leo hii, hata akikucheka.